Shajara ya mradi: hotuba ya mapumziko, kutekelezwa neno kwa neno

Upeo wa kazi

Mradi unachukua hotuba moja ya kocha, ile inayotolewa chumbani timu ikiwa nyuma kwa bao moja, na kuitekeleza kama ilivyosemwa. Matini iliyokubaliwa ni hii:

"Vijana, kazeni buti. Jifungeni kibwebwe. Pigeni moyo konde. Mechi hii ni ya kufa na kupona. Mpira unadunda. Mcheze kwa moyo wote, kila mmoja atoe asilimia mia moja na kumi. Nataka jasho, damu na machozi. Mashabiki wetu ni mchezaji wa kumi na mbili. Msikubali kushindwa."

Timu ikifungwa huongezwa sentensi ya pole, "maisha ni marathoni", nayo imefunguliwa faili lake mwishoni.

Sitiari hazipokelewi. Agizo likidai kwamba "lina maana pana" linarudishwa kwa aliyelitoa, aandike upya anachotaka kifanyike.

Kikwazo cha kwanza ni saa. Sheria ya 7 ya mpira wa miguu inatoa mapumziko yasiyozidi dakika 15. Ukitoa muda wa kutembea kuingia na kutoka, maji, choo na yule mmoja anayetafuta jezi kavu, zinabaki kama dakika saba. Kwa hiyo kila agizo linapimwa kwa maswali matatu: linawezekana ndani ya dakika saba? Sheria zinaruhusu? Mwili unaruhusu? Likianguka kwenye lolote, sababu inaandikwa na faili linafungwa.

Kazeni buti
*Hali: limekamilika, kwa masharti*

Hili ndilo agizo lililoandikwa vizuri kuliko yote. Lina kitendo, lina kifaa, na kifaa tayari kiko mguuni. Kilichokosekana ni kipimo cha mahali pa kuachia.

Utaratibu uliopitishwa: legeza kamba zote kuanzia tundu la chini kabisa. Wengi huvuta ncha mbili za juu na kuridhika. Matokeo yake kifundo kinabanwa huku vidole vikiogelea, na mguu unateleza mbele kila mchezaji anapofunga breki. Gonga kisigino sakafuni mpaka kikae nyuma kabisa ya kiatu. Inua vidole vielekee ugokoni, kisha vuta kamba jozi kwa jozi kupanda juu, ukinyoosha ulimi wa kiatu usijikunje upande. Kabla ya kufunga fundo, pitisha kidole cha shahada chini ya kamba katikati ya mguu. Kikipita kwa taabu kidogo, hapo ndipo. Vikipita viwili, endelea. Kisipopita hata kimoja, umevuka agizo.

Fundo lenyewe ndilo linaloharibu kazi. Tazama kitanzi baada ya kufunga: kikilala kukata upana wa kiatu, fundo ni imara, kikisimama kufuata urefu wa kiatu, kutoka kidoleni kwenda kisiginoni, fundo ni lile la kujifungua lenyewe. Dawa ni kugeuza upande wa msokoto wa kwanza tu, mengine yabaki vilevile. Mwaka 2017 wahandisi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha jinsi fundo linavyofunguka mtu akikimbia: mguu unapotua, mshtuko wa takriban mara saba ya nguvu ya mvutano wa dunia hulegeza kitovu cha fundo, na ncha zinazopepea huku na huku hulivuta mpaka liachie. Ndiyo maana ncha ndefu zinachomekwa chini ya safu za kamba. Kuzizungusha chini ya soli hakufai, maana kamba inalika kati ya njumu na ardhi.

Tatizo halikuwa kukaza mara ya kwanza. Tatizo ni kwamba agizo linarudiwa. Kocha husema "kaza buti" chumbani, akalirudia kwenye mstari dakika ya 60, na tena kila timu inapopata kona. Kwa utekelezaji wa neno kwa neno, kila mara ni agizo jipya juu ya lililotangulia. Juu ya mguu, chini ya kamba, inapita neva inayohudumia ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Ikibanwa, sehemu hiyo inakufa ganzi kwanza, kisha mchezaji anaanza kupiga pasi za kukisia. Kano za kuinulia vidole nazo huvimba, na maumivu yake hubaki siku kadhaa baada ya mechi.

Suluhisho lililokubaliwa ni akiba ya kukaza. Wachezaji wanaingia chumbani buti zikiwa zimelegezwa nusu, ili kocha apate cha kukaziwa. Kipindi cha pili akiba inagawanywa: nusu kwa ajili ya chumbani, robo kwa dakika ya 60, robo inayobaki kwa kona zote kwa pamoja. Timu yenye kona nyingi itaishiwa, na hilo limeandikwa kwenye orodha ya hatari.

Izingatiwe pia kwamba Sheria ya 4 haimuungi mkono kocha. Kiatu kikimvuka mchezaji kwa bahati mbaya, anatakiwa akivae haraka iwezekanavyo, si zaidi ya pale mpira utakapotoka mchezoni. Lakini akifunga bao kabla ya hapo, bao linakubaliwa. Kisheria, buti lisilokazwa hata kidogo linaweza kushinda mechi.

Jifungeni kibwebwe
*Hali: limekamilika*

Kitambaa kiunoni kina kazi halisi. Wanyanyua vyuma hufunga mkanda ili misuli ya tumbo ipate cha kusukuma, shinikizo la ndani ya tumbo lipande, na uti wa mgongo upate mhimili. Kwenye mashindano ya kunyanyua vyuma mkanda hauruhusiwi kuzidi upana wa sentimita 12, na mradi umeazima kipimo hicho.

Kwa mkimbiaji mambo ni kinyume. Akitulia, mtu huvuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu hupita 100. Diaframu, msuli wa kupumulia, inahitaji tumbo litoke mbele, na kibwebwe kilichokazwa kwa moyo wa kizalendo kinalizuia. Kifungwe kwenye kitovu, kisipande mbavuni, vidole viwili vipite, fundo likae ubavuni. Fundo la mgongoni humchoma mwenyewe akianguka chali. Kitambaa kisiwe cha pamba, kwa sababu kinakunywa jasho na kufikia dakika ya 70 kinashuka chenyewe hadi nyongani.

Pigeni moyo konde. Mechi ya kufa na kupona
*Hali: yamefungwa kwa pamoja, kwa sababu za usalama*

Maagizo haya mawili yalianza kama mafaili mawili, yakaunganishwa ilipoonekana kwamba la kwanza ndiyo njia fupi ya kulitekeleza la pili.

Konde la moyo lina hatari inayojulikana kitabibu, commotio cordis. Pigo kifuani, juu ya moyo hasa, linaweza kuutupa moyo kwenye mtetemo usiosukuma damu, hata kama hakuna mbavu iliyovunjika wala alama iliyobaki. Si nguvu peke yake inayoamua, ni wakati. Majaribio yaliyochapishwa 1998 yalionyesha kwamba dirisha la hatari lina urefu wa milisekunde 15 hivi tu, kuanzia 30 hadi 15 kabla ya kilele cha wimbi T, yaani pale misuli ya moyo inapojipanga kwa pigo linalofuata. Wanaopatwa zaidi ni vijana, ambao ukuta wa kifua bado unanepa, na kinachowapiga mara nyingi ni mpira mgumu kama wa besiboli.

Hesabu ya mapumziko: moyo unaodunda mara 60 kwa dakika una milisekunde 1,000 kati ya pigo na pigo, kwa hiyo dirisha ni asilimia 1.5 ya muda. Mchezaji aliyetoka kukimbia bado yuko kwenye mapigo 120, muda umebaki milisekunde 500, na dirisha limefika asilimia 3. Maana yake kocha anatoa agizo hili katika wakati mbaya zaidi wa kulitoa. Konde la mtu kujipiga mwenyewe kwa kawaida ni dogo, ila agizo halisemi nani ampige nani, na kila timu ina beki mmoja mwenye bidii.

Kuhusu "kufa na kupona", mpangilio uko wazi: kufa kwanza, kupona baadaye, yote ndani ya mechi moja. Timu nyingi hutekeleza nusu ya kwanza. Nusu ya pili inategemea mashine ya kushtua moyo iko wapi. Bila msaada, nafasi ya kuokoka hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Mchezaji aliyepigwa kifuani akaanguka na haitikii wala hapumui kawaida hasubiriwi: anza kukandamiza katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mtu mmoja akimbilie mashine na mwingine apige simu. Mashine iliyofungiwa stoo na ufunguo wake kuondoka na mtu ndiyo kasoro ya kawaida kuliko zote, kwa hiyo ikae benchi la ufundi, betri na vibandiko vyake vikikaguliwa tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kifungu cha mashine kimebaki kwenye mwongozo. Konde limeondolewa.

Mpira unadunda
*Hali: limethibitishwa*

Hili si agizo, ni taarifa, na ni ya kweli. Kwenye vipimo vya ubora vya FIFA vya daraja la juu, mpira huangushwa kutoka mita 2 juu ya bamba la chuma na unatakiwa urudi kati ya sentimita 135 na 155. Kwenye nyasi haurudi hivyo. Hata nyasi bandia za daraja la juu zinatakiwa ziurudishe sentimita 60 hadi 85 tu. Kocha anayesema mpira unadunda bila kutaja sakafu ameacha nusu ya taarifa.

Mpira usiodunda mara nyingi una tatizo la upepo. Sheria ya 2 inataka shinikizo la angahewa 0.6 hadi 1.1 juu ya lile la nje. Ukijaza 0.6 kamili chumbani penye nyuzi 20 za selsiasi, kisha ukautoa nje kwenye nyuzi 5, utasoma karibu 0.52, na mpira umeshatoka nje ya sheria kabla haujapigwa. Jaza ukiwa uwanjani. Sindano ilowekwe kwanza, la sivyo inachana vali, na mpira unaovuja kwenye vali hautambuliki mpaka kipindi cha pili.

Mcheze kwa moyo wote
*Hali: limekataliwa chini ya Sheria ya 2*

Swali la kwanza lilikuwa la matumizi: "kwa moyo" ni kwa kutumia moyo, kama mtu anavyocheza kwa raketi au kwa kete. Moyo ukapelekwa kwenye vipimo vya mpira.

Uzito: mpira uwe gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza. Moyo wa mtu mzima ni kama gramu 300. Wanariadha wa mbio ndefu mioyo yao hukua, kwa hiyo hapa kulikuwa na matumaini kidogo. Mzingo: mpira sentimita 68 hadi 70, moyo una ukubwa wa ngumi na haufiki hata nusu. Shinikizo: moyo uliotulia hufika milimita 120 za zebaki, yaani angahewa 0.16. Ukimkimbiza mwenye moyo mpaka presha ya juu ifike 200, unapata 0.26. Kiwango cha chini ni 0.6. Juu ya hayo, shinikizo la moyo hupanda na kushuka kila pigo, na hakuna refa atakayekubali mpira unaojaa na kunywea mara 180 kwa dakika.

Neno "wote" halikuchunguzwa. Nusu ya moyo ingefeli vilevile.

Asilimia mia moja na kumi
*Hali: limekamilika, lilikuwa rahisi*

Wengi walitarajia hili lianguke kwenye hesabu. Halikuanguka. Swali ni asilimia ya nini.

Kama ni ya mapigo ya juu kabisa ya moyo, haiwezekani, kwa kuwa ya juu kabisa ni ya juu kabisa. Isipokuwa kiwango kimepatikana kwa ile kanuni ya 220 kutoa umri, ambayo hukosea kwa mapigo 10 hadi 12 kwa watu wengi tu. Mchezaji wa miaka 20 anapewa 200; wapo wachache ambao moyo wao hufika 220 bila kuombwa. Hao wametekeleza agizo kwa hisani ya kanuni mbovu.

Kama ni ya nguvu inayolingana na upeo wa mwili kutumia oksijeni, basi 110 ni kazi ya kawaida. Maabara za michezo hutumia karibu kiwango hichohicho kama jaribio la kuhakiki: mtu akishafika kikomo kwenye baiskeli, anapumzishwa, kisha anapandishwa kwenye asilimia 105 au 110 ili kuona kama oksijeni itapanda zaidi. Nguvu inayozidi hutoka kwenye akiba isiyohitaji oksijeni. Mbio fupi za kasi kamili hupita asilimia 200 kwa sekunde chache. Winga aliyefukuzia mpira mrefu mmoja tayari amempa kocha karibu maradufu ya alichoomba.

Kinachokwama ni muda. Kwenye asilimia 110 mtu wa kawaida hudumu dakika mbili hadi tatu, kisha miguu inagoma. Kipindi cha pili kina 45. Timu ikitekeleza agizo kwa uaminifu kuanzia kipyenga, itakuwa chini yote kabla ya dakika ya 49. Mwongozo sasa unasema: toa 110 kwa sekunde tano hadi kumi, tembea au kimbia taratibu. Akiba ya haraka ya misuli hurudi nusu ndani ya takriban sekunde 30 na inahitaji dakika tatu hadi tano ijae. Hivyo ndivyo mpira unavyochezwa siku zote, kwa hiyo hakuna mchezaji aliyeona tofauti.

Jasho, damu na machozi
*Hali: jasho limepita, machozi kwa uchache, damu nje ya uwanja tu*

Jasho ni rahisi. Anayekimbia hutoa kati ya nusu lita na lita mbili kwa saa, kutegemea joto, unyevunyevu na mwili wake. Kipimo: mpime mchezaji kabla na baada, akiwa mkavu na nguo chache, kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja, ukijumlisha alichokunywa na kupunguza alichokojoa.

Damu ilikutana na Sheria ya 5. Mchezaji anayetoka damu lazima atoke uwanjani, na harudi mpaka refa aridhike kwamba imekoma na vifaa vyake havina damu. Jezi ya akiba isiyo na namba iliyotumika na mwingine iwe tayari. Njia iliyobaki ni tone moja dogo kutoka ncha ya sikio wakati wa mapumziko, lile linalochukuliwa kupima lakteti, kemikali inayopanda damuni misuli ikifanya kazi kali. Linahesabika kama damu iliyotolewa kwa ajili ya timu, na linaleta namba yenye manufaa.

Machozi ndiyo yaliyoleta kizuizi. Jicho lililotulia hutengeneza takriban mikrolita moja kwa dakika. Macho mawili kwa dakika 45 ni mililita 0.09, matone mawili pungufu, na sehemu yake hushukia puani bila kuonekana. Hotuba haikutoa vipimo, kwa hiyo mradi ulidhani ni sehemu sawa, kama ilivyo desturi mapishi yasipotaja. Mchezaji anayetoka jasho lita moja kwa saa hukusanya mililita 0.09 ndani ya theluthi moja ya sekunde. Kwa uwiano huo, mchango wake wa jasho kwa kipindi chote cha pili umekamilika kabla mpira haujafika kwa aliyepasiwa.

Kitunguu kilichokatwa kinaongeza machozi mara nyingi zaidi na hakuna sheria inayokikataza chumbani. Kipa asipewe.

Mchezaji wa kumi na mbili
*Hali: limesimamishwa, linasubiri jezi*

Sheria ya 3 inasema timu isizidi wachezaji 11, mmoja akiwa kipa. Mashabiki wakisajiliwa kama mchezaji, basi ni mtu wa ziada, na bao lililofungwa huku mtu wa ziada akiwa uwanjani linaweza kukataliwa. Wanaweza kuwa mchezaji almradi wasicheze. Kuwaingiza kama mchezaji wa akiba nako kuna gharama, kwani lazima mmoja atoke, na uwanja wenye watu 40,000 hauwezi kuingia kwa kupitia mstari wa kati, mmoja mmoja, ndani ya muda wa mabadiliko.

Vifaa: jezi yenye mikono, bukta, soksi, vilinda ugoko, viatu. Mchezaji ni mmoja, kwa hiyo jezi ni moja. Klabu ya Bayern Munich ni miongoni mwa zilizokaribia. Namba 12 imetengwa kwa mashabiki na haivai mtu. Hilo limetatua jezi, soksi bado.

Kuhusu mchango wake, mechi za 2020 zilizochezwa majukwaa yakiwa matupu zilitoa fursa ya kumpima akiwa hayupo. Kwenye ligi nyingi za Ulaya faida ya kucheza nyumbani ilipungua, na timu ngeni zikaonyeshwa kadi chache kuliko kawaida. Inavyoonekana, mchezaji wa kumi na mbili humkaba zaidi refa. Nafasi yake kwenye mpangilio wa timu irekebishwe ipasavyo.

Msikubali kushindwa
*Hali: limerudishwa kwa aliyelitoa*

Linagongana na agizo la zamani zaidi, la methali: asiyekubali kushindwa si mshindani. Wachezaji 11 wakitii, timu inabaki bila mshindani hata mmoja, na Sheria ya 3 hairuhusu mechi kuendelea timu ikiwa na wachezaji pungufu ya 7. Hata wakipita hapo, Sheria ya 5 inasema uamuzi wa refa kuhusu matokeo ni wa mwisho. Kukubali hakuhitajiki.

Maisha ni marathoni
*Hali: faili liko wazi*

Marathoni ni kilomita 42.195. Umbali huo ulitumika kwenye Olimpiki ya London ya 1908 na ukafanywa rasmi 1921, kwa hiyo maisha ya waliozaliwa kabla ya hapo hayana urefu unaotambulika.

Kwa maisha ya miaka 70, mwendo ni mita 1.65 kwa siku. Ni sentimita 6.9 kwa saa, au zaidi kidogo ya milimita moja kwa dakika. Konokono anayekwenda milimita moja kwa sekunde bila kupumzika angemaliza kwa mwaka mmoja na miezi minne. Eliud Kipchoge, alipokimbia kwa 1:59:40 huko Viena 2019, alikuwa akipita sehemu ya siku nzima ndani ya chini ya theluthi ya sekunde. Muda ule haukuidhinishwa kuwa rekodi, sababu mojawapo ikiwa waongoza kasi walioingia na kutoka kwa zamu. Anayezungukwa na marafiki wanaobadilishana kumvuta ajue hilo mapema.

Vituo vya vinywaji huwekwa mwanzoni, mwishoni na takriban kila kilomita 5. Kwa mwendo huu, baada ya kuzaliwa kinywaji kinachofuata ni cha miaka minane na miezi mitatu na ushei. Kipengele hiki peke yake kinatosha kuufunga mradi, lakini kuna kingine kinachokuja kabla yake. Kanuni za riadha zinakataza mkimbiaji kusaidiwa kusonga mbele. Mtoto hutembea akiwa na umri wa karibu mwaka mmoja. Kabla ya hapo hubebwa. Siku ya kutimiza mwaka anatakiwa awe mita 603 kutoka mwanzo, na njia yote hiyo amesogezwa na mtu mwingine. Washiriki wote wameondolewa mashindanoni kabla ya kuota meno ya magego.

Wakiachwa waendelee kwa rufaa, nusu ya njia ni miaka 35. Ule ukuta ambao wakimbiaji hukutana nao kati ya kilomita 30 na 35, wanga wa misuli ukiisha, unaangukia kati ya umri wa miaka 50 na 58. Kilomita mbili na mita 195 za mwisho, ambazo uwanjani hupigiwa makofi, zinachukua miaka mitatu na miezi saba na ushei.

Linalosubiri uamuzi ni namna ya kuzitumia mita 1.65 za kila siku. Zikienda kwa mkupuo ni hatua mbili na kipande asubuhi, kisha mtu asimame palepale hadi kesho. Zikigawanywa, ni kujisogeza milimita kwa milimita usiku na mchana. Kwa vyovyote hakuna choo ndani ya umbali huo. Kanuni inaruhusu mkimbiaji kutoka nje ya njia kwa idhini na chini ya uangalizi wa mwamuzi, mradi asifupishe umbali. Kwa miaka 70 hiyo ni kazi ya kudumu ya mwamuzi mmoja kwa kila mkimbiaji, na mwamuzi mwenyewe naye ana marathoni yake, inayoelekea upande mwingine.